Usipige Maji, Shika Maji

Nilikuwa na miaka tisa nilipopewa kafi kwa mara ya kwanza, na pamoja na kafi nikapewa katazo. Ilikuwa Masese, mwalo wa wavuvi pembezoni mwa Jinja nchini Uganda, asubuhi ambayo Ziwa Victoria lilikuwa limelala kabisa. Mvuvi mmoja wa asili ya Ukerewe, ambaye watoto wote wa mtaani tulimwita Babu ingawa hamsini alikuwa hajazifikisha, alinikalisha mbele kwenye mtumbwi wake. Nilinyanyua kafi juu, nikalibamiza majini, nikakokota kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Maji yakaruka yakamlowesha kifua. Mtumbwi ukatikisika, ukabaki pale pale.

"Usipige maji," akaniambia. "Shika maji."

Maji yanashikwaje? Nilikaa na swali hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilisoma fizikia, nikawa mwalimu wa fizikia, nikafundisha kanuni za Newton kwa darasa baada ya darasa, na bado yale maneno ya Babu nilikuwa nimeyaweka kwenye kabati la hekima za wazee: unayaheshimu, huyachunguzi. Hadi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipoanza kazi ya kuendesha kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kwenye Nile, akiwafuata watalii wa maboti ya mpira ili awaokoe wakipinduka. Siku moja akanikalisha ndani ya kayaki, akanipa kafi lenye mabapa mawili, moja kila ncha, akanitazama kwa dakika tano, kisha akasema: "Mjomba, unapiga maji. Yashike." Hajawahi kukutana na Babu.

Watu wawili wasiojuana, mmoja wa mtumbwi wa mbao na mwingine wa kayaki ya plastiki, wakisema neno lile lile, basi hapo kuna jambo. Nimelichimba kwa muda, na ninaandika nilichokiona.

Nianze na lugha, maana mimi ni mtoto wa Walukuba. Mtaa ule wa Jinja ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, kila mlango una kabila lake, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Sisi tunasema kupiga kafi, kuvuta makasia, kusukuma pondo. Majirani Waganda chombo hicho wanakiita enkasi, na enkasi na kafi ni ndugu wa damu: sauti ile ile iliyotupa sisi figo na wao ensigo ndiyo iliyotupa sisi kafi na wao enkasi. Neno ni la zamani kuliko mipaka yetu. Ila katika vitenzi vyote vitatu, kupiga, kuvuta na kusukuma, ni kimoja tu kisicho na utata, nacho ni cha pondo.

Pondo halina fumbo. Unalichomeka hadi chini, ncha inakita kwenye tope au mwamba, unasukuma, mtumbwi unakwenda mbele. Ardhi haisogei. Kila tone la jasho lako linaingia kwenye mwendo wa mtumbwi, ukiondoa kidogo linaloliwa na tope. Kafi ni mkasa mwingine. Kafi linaegemea kitu kinachokimbia. Ukikisukuma nyuma, kinakwenda nyuma, na kadiri kinavyokwenda ndivyo kinavyochukua sehemu ya kazi yako na kuondoka nayo. Ndiyo sababu mtu akitoka kwenye maji mafupi ya kupondoa na kuingia kwenye kina cha kuvuta kafi, mabega yanajua kabla ya macho.

Sasa hesabu, na nitaifanya kwa jerikani, maana hapa kwetu kila mtu anaijua jerikani ya lita 20 mkononi mwake. Lita 20 za maji ni kilo 20. Tuseme kayaki yako inahitaji nguvu ya nyutoni 40 ili idumishe mwendo wake. Nguvu hiyo unaipata kwa kuyapa maji mwendo wa kurudi nyuma, nayo maji yanakulipa kwa kukusukuma mbele kwa kiasi hicho hicho. Hii ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, na mtumbwi unaitii hata kama nahodha hajaisikia. Unaweza kuzipata nyutoni 40 kwa kusukuma jerikani mbili za maji kila sekunde kwa kasi ya mita moja kwa sekunde. Au kwa kusukuma jerikani moja kwa kasi ya mita mbili. Au nusu jerikani kwa kasi ya mita nne. Zidisha kilo kwa kasi, jibu ni 40 mara zote tatu. Mtumbwi hautaona tofauti.

Mwili wako utaiona. Nishati inayoondoka na maji haifuati kasi, inafuata kasi mara kasi, kisha nusu yake. Jerikani mbili za polepole zinaondoka na wati 20. Jerikani moja ya kasi ya mita mbili inaondoka na wati 40. Nusu jerikani ya kasi ya mita nne inaondoka na wati 80. Nguvu ile ile kwenye mtumbwi, ila umelipa mara nne. Siku nilipoandika hesabu hii ubaoni nilijisikia kama mtu aliyepata barua iliyochelewa miaka thelathini. Mtoto wa miaka tisa anayebamiza kafi anashughulika na nusu jerikani: maji machache, ya juu juu, yanayorushwa mbali. Babu alikuwa anataka jerikani mbili zisogee taratibu. Kushika maji ndiko huko. Ni kuyakamata mengi na kuyasogeza kidogo.

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo hiyo. Mtumbwi ukiwa umesimama, kazi yako yote ya mwanzo inaingia majini. Hakuna kinachokwenda kwenye mtumbwi kwa sababu mtumbwi haujasogea. Ukishashika mwendo, mgawanyo unabadilika. Tuseme kayaki inakwenda mita 1.5 kwa sekunde na bapa la kafi linateleza nyuma nusu mita kwa sekunde ukilinganisha na maji yaliyotulia. Basi mkono wako unavuta bapa kupita ubavu wa kayaki kwa mita mbili kwa sekunde, na katika kila sehemu nne za kazi hiyo, tatu zinaisukuma kayaki na moja inamezwa na maji. Mtelezo ndio gharama. Kafi lisiloteleza hata kidogo lingekuwa pondo, lakini lisingekuwa na nguvu yoyote, maana maji yasiyosogezwa hayasukumi. Kwa hiyo lazima liteleze. Suala ni kiasi gani.

Nilitaka kukiona kiasi hicho kwa macho. Mpwa wangu alinipeleka kwenye maji tulivu juu ya bwawa la Bujagali. Kwa wasiopajua: pale palikuwa na maporomoko ya Bujagali, ambayo utotoni tulikwenda kuyatazama siku za sikukuu, na tangu bwawa likamilike mwaka 2012 yamelala chini ya maji yaliyotuama. Mimi nina huzuni na jambo hilo, na umeme wake unawasha taa ninayoandikia, na yote mawili nayabeba. Lakini kwa jaribio langu pale palikuwa mahali sahihi, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Magugu maji yalikuwa yametawanyika, jani hapa, jani pale, na jani la gugu maji lililotulia ni alama nzuri kuliko zote, halina injini wala shauku.

Nikachagua jani, nikachomeka kafi kandokando yake, nikavuta, nikatazama bapa linatokea wapi. Lilitoka nyuma ya jani karibu dhiraa nzima. Nikarudia mara kumi, dhiraa kwa dhiraa. Kisha mpwa wangu akapita na kayaki yake kwa mwendo wake wa kawaida, akachomeka karibu na jani hilo hilo, na bapa lake likatoka shibiri moja tu nyuma. Alichofanya ni kama mtu anayepanda ngazi: anakita mkono, anaupitisha mwili. Nikamuuliza anafikiria nini wakati anavuta. Akasema hafikirii mikono kabisa. Anafikiria goti lake lisogee kwenye kafi.

Nilimtazama kwa makini zaidi. Mkono wa chini ulikuwa karibu umenyooka, kiwiliwili ndicho kilichokuwa kinajisokota na kujisokotoa, na bapa lilikuwa limezama lote, hadi shingo, kabla hajaanza kuvuta. Hapo kwenye kuzama ndipo mimi nilipokuwa nakosea kuliko kwingine. Nilikuwa naanza kuvuta bapa likiwa nusu ndani nusu nje.

Kwa nini kuzama ni muhimu hivyo? Watu wengi, na mimi nikiwemo, hudhani kafi hufanya kazi kwa upande wake wa mbele, ule unaoyasukuma maji. Upande wa nyuma unafanya kazi kubwa pia. Maji yaliyo mbele ya bapa yanabanwa, shinikizo linapanda. Maji ya nyuma yanashindwa kujaza upesi pengo linaloachwa, shinikizo linashuka, na bapa linanyonywa. Ukivuta kwa nyutoni 140, jambo ambalo mtu mzima mwenye afya analiweza, kwa bapa la sentimita za mraba 700, ambalo ni bapa la kawaida la kayaki, tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ni paskali 2,000. Hiyo ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 20. Tuseme nusu yake ni mnyonyo wa nyuma. Basi nyuma ya bapa kuna mnyonyo wenye uwezo wa kuuvuta uso wa maji chini kwa sentimita kumi.

Sasa weka sehemu ya juu ya bapa sentimita tatu tu chini ya uso. Uso unazama, hewa inapata mlango, inashuka hadi nyuma ya bapa, na mnyonyo unakufa. Unasikia sauti, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Wavuvi wa Masese wanaichukia sauti hiyo kwa sababu inafukuza samaki, na nilidhani ndiyo sababu pekee ya wao kuvuta kafi kimyakimya. Kumbe kafi linalolia ni kafi linalovuta hewa badala ya maji. Sikiliza mzee akipita gizani: unachosikia ni matone yanayodondoka kutoka kwenye bapa likiwa hewani. Likiwa ndani, kimya.

Niliyajua haya kwa hesabu kabla sijayajua kwa mwili, na mwili ulikuja kunifundisha wiki tatu baadaye. Tulikuwa tumeshuka chini ya bwawa, mahali ambapo mto bado ni mto. Sikuwa kwenye maji makubwa. Maporomoko kama Itanda ni ya watu wengine, na nikisimama juu ya mwamba pale kutazama naona miguu ikilegea. Ilikuwa mteremko mdogo tu, na chini yake maji yanajikunja na kurudi nyuma, yakiwa meupe kama maziwa. Kayaki iliegemea kulia. Nilijua la kufanya: laza bapa juu ya maji, liegemee, jisukume usimame. Nikalaza. Nikaegemea. Bapa likapita kana kwamba nimeliegemeza kwenye pamba. Nilikuwa chini, kichwa kimeelekea sakafu ya mto, kelele zote za dunia zimekatika mara moja na badala yake kuna mngurumo ndani ya mifupa.

Nilitoka kwenye kayaki kama nilivyofundishwa. Mpwa wangu alinifikia kabla sijaogopa vya kutosha, nikashika mkia wa kayaki yake. Alipoona ninapumua vizuri akasema, "Mjomba, umeshika hewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, na nguvu yote ambayo kafi linaipata inategemea uzito huo. Povu likiwa nusu hewa, nguvu inapungua kwa nusu. Likiwa hewa zaidi, unaegemea karibu na utupu. Maji meupe yanapendeza kwenye picha lakini hayabebi. Waendesha kayaki wa Jinja wananyoosha kafi chini kupita povu, wakitafuta maji ya kijani yaliyo chini yake, ambayo ni mazito na yana mwelekeo. Mpwa wangu anasema mkono unayatambua mara moja. Mimi bado sijafika hapo. Nayajua kwa sekunde moja ya kuchelewa.

Na kule mtoni kuna jambo lingine lisilokuwepo ziwani. Kafi halijui ukingo. Linajua tu maji yanayoligusa na jinsi yanavyopita juu yake. Ukielea na mkondo kwa kasi ile ile ya mkondo, miti ya ukingoni inakimbia, unajiona unakwenda mbio, lakini kwa kafi lako hakuna kinachosogea. Ukiligeuza huku au kule kayaki haigeuki, sawa na usukani wa jahazi lililotuama. Ndiyo maana wanawapigia kelele wanagenzi wavute kwa nguvu wanapoingia kwenye maporomoko, jambo linaloonekana kama wazimu. Na nyuma ya mwamba mkubwa, ambapo maji yanarudi juu dhidi ya mto, mtu akichomeka bapa ndani ya maji hayo huku kayaki bado iko kwenye mkondo, kayaki inageuka papo hapo, kama mtoto anayekimbia na kushika nguzo ya baraza. Ameshika maji mawili yanayogombana na kuyaacha yafanye kazi.

Nirudi kwenye maji tulivu, kwa sababu huko ndiko kulikonipa kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii.

Baada ya kafi kutoka majini, tazama pale lilipotoka. Utaona vizingia viwili vidogo, maji yanayozunguka kama vibuyu viwili vya kivuli, kimoja kushoto kimoja kulia, kila kimoja kikizunguka kinyume cha mwenziwe. Katikati yao maji yanakwenda nyuma. Pembeni yanarudi mbele. Vinasafiri pamoja, vikisukumana, vikielekea kule ulikotoka. Jua likiwa chini, kila kimoja kinatupa doa la giza lenye ukingo wa mwanga kwenye mchanga wa chini. Nimevitazama hadi vikafa, na vinachukua muda kufa.

Usiwe na haraka ya kwenda ziwani. Mimina chai kikombeni, ya rangi ni bora ili uone vizuri, chomeka kijiko wima, kikokote polepole kuvuka kikombe, kisha kitoe. Ndivyo hivyo vizingia viwili. Mwanahisabati wa Kijerumani Felix Klein alivichukulia kwa uzito kiasi cha kuviandikia makala mwaka 1910, akitumia kijiko na kikombe cha kahawa. Nimefanya jambo hili darasani kwa vikombe arobaini na chai ya jikoni, na kwa dakika nzima hakuna mwanafunzi aliyezungumza.

Kinachoshangaza ni kwamba vizingia viwili ni kimoja. Mwaka 1858 mwanafizikia wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba mzunguko wa aina hii hauwezi kukatika ndani ya maji. Ni kama kamba: lazima ijifunge iwe pete, au ncha zake ziishie kwenye uso au kwenye ukuta. Bapa la kafi linapovutwa, maji yanajikunja kwenye kingo zake, ukingo wa kushoto, wa chini, na wa kulia, na mkunjo huo ni kamba moja yenye umbo la ukindu uliopindwa, chini imezama, ncha mbili zimetokeza juu. Unachokiona usoni ni ncha tu. Nilipoelewa hivyo sikuweza tena kupita nyuma ya mtumbwi bila kutazama. Kila mkokoto unaacha pete moja nusu iliyozama, na ndani ya pete hiyo kuna ile robo ya kazi yako, yote, inazunguka hadi ipoe. Ukitaka kujua mtu anavutaje kafi, usimtazame yeye. Tazama alichokiacha. Vizingia vidogo, vinavyozunguka kwa kasi na kutoa sauti, ni nusu jerikani. Vizingia vipana na vizito, vinavyozunguka kwa uvivu, ni jerikani mbili.

Kuna watu walioifikisha hesabu hii mbali. Miaka ya 1980 Wasweden walitengeneza kafi la mashindano lenye bapa lililopinda kama bawa, lenye ukingo mmoja mnene. Halivutwi moja kwa moja nyuma. Linachomekwa karibu na kayaki kisha linaachwa lijitanue kwenda nje, mbali na ubavu. Linapokata maji kwa upande, maji yanayopita juu ya mpindo wake yanalisukuma kuelekea mbele. Mtu aliyewahi kuona mtumbwi wa tanga ukienda joshi anaifahamu kanuni hii bila kuambiwa: upepo unatoka upande mmoja, nguvu inakuja kwa upande mwingine. Na faida yake ni ile ile ya jerikani. Bapa linalosafiri kwenda nje linakutana kila mara na maji mapya ambayo hayajaguswa, kwa hiyo linayashika mengi zaidi na kuyasogeza kidogo zaidi. Kwenye Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 Mmarekani Greg Barton, akitumia kafi la namna hiyo, alishinda mbio za mita 1,000 kwa tofauti ya sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, yaani 0.005. Katika tofauti kama hiyo siwezi kusema kafi ndilo lililompa ushindi, lakini baada ya muda mfupi hakuna aliyetaka kushindana na lingine.

Mimi sina shida ya bawa. Shida yangu ilikuwa ya kiseremala. Baada ya miezi ya kutumia kafi la mpwa wangu, nilirudi Masese, nikaazima kafi la mbao la mvuvi mmoja, nikavuta kwa nguvu, likaanza kutetemeka mkononi, kushoto kulia, kushoto kulia. Wavuvi wanasema kafi linacheza. Bapa lililo bapa kabisa haliachi maji yaondoke kwenye kingo zote mbili kwa wakati mmoja. Kizingia kinakatika upande huu, kisha upande ule, na kila kinapokatika kinalivuta bapa upande wake. Unalazimika kubana mpini, na kubana mpini siku nzima ndiko kunakowapa wavuvi wengi maumivu ya viganja na vifundo. Makafi ya kayaki yana mgongo: katikati ya bapa kuna mwinuko unaoshuka pande zote mbili kama paa la nyumba, ili maji yagawanyike sawasawa. Basi. Mwinuko mdogo tu, na kafi linatulia.

Nilinunua ubao wa musizi, mwepesi na usiokuwa na mafundo. Nilichora, nikachonga kwa tezo, nikapiga randa, nikasugua kwa msasa jioni kumi na moja baada ya shule. Bapa moja, si mawili, maana ni la mtumbwi. Mgongo niliuchonga upande unaosukuma maji, nikaufisha taratibu kuelekea ncha. Kingo nikazifanya nyembamba lakini si kali. Nikalipaka mafuta ya kitani, likageuka rangi ya asali.

Kisha nikampelekea Babu. Yeye sasa amepita themanini na haingii tena ziwani. Wajukuu zake ndio wanaovua. Nilimkuta kwenye kivuli karibu na mizani ya samaki. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, nikamwekea kafi mapajani bila kusema kitu. Alilipima kwa kuliweka juu ya kidole kimoja. Alipitisha kiganja kwenye mgongo, akaenda, akarudi, akaenda tena. Kisha akataka asaidiwe kusimama.

Mjukuu wake na mimi tulimwingiza kwenye mtumbwi uliokuwa umefungwa kwa kamba kwenye mti wa ufukweni. Nilikuwa karibu kuifungua kamba, akanikataza kwa mkono. Akakaa. Akalichomeka kafi lote, hadi shingo, bila sauti, akasubiri kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akavuta mara moja, polepole, na mgongo wake wa uzeeni ukajisokota wote. Kamba ikakazika. Mtumbwi haukuwa na pa kwenda, kwa hiyo kila alichokuwa nacho kiliingia majini. Kafi likatoka, na vizingia viwili vipana kuliko nilivyowahi kuviona vikaanza kutembea kati ya mitumbwi, vikibeba magamba ya samaki na kipande cha gugu maji, vikizunguka kwa utaratibu hadi vikafika kwenye boti la tatu.

Babu hakuvitazama. Alikuwa analitazama kafi, akipitisha kidole gumba kwenye mpini mahali mkono wa juu unaposhika.

"Hapa ni nene," akasema. "Punguza kama unene wa ukucha. Na halichezi. Umelifanya nini lisicheze?"

Nikaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, nikalichukua kafi, nikamwonyesha mgongo.